Mzee Santiago na Siku 92 za Ziwa Tanganyika

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipumzishwa. Serikali za nchi 4 zinazolizunguka, yaani Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia, zilikubaliana kwamba nyavu zianikwe, taa zizimwe na mitumbwi ipandishwe nchi kavu ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Mwenye kuhesabu atapata siku 92.

Katika kitabu kiitwacho Mzee na Bahari, kilichoandikwa na Mmarekani Ernest Hemingway na kutolewa mwaka 1952, mvuvi mzee wa Kuba aitwaye Santiago anakaa siku 84 bila kupata samaki hata mmoja, na kwa hesabu hiyo ulimwengu umemtaja kuwa shujaa wa ustahimilivu. Wavuvi wa Kasanga, Kipili na Kirando walimpita kwa siku 8. Hatujasikia aliyewatungia kitabu.

Tusieleweke vibaya. Sisi tunaoandika kutoka Majengo, Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa ambako baridi ya Juni na Julai humfanya hata kijana aote moto, hatukupinga ziwa kupumzishwa, wala leo hatupingi. Ziwa hilo lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha mita 1,470, na hakuna ziwa lililolizidi kwa kina duniani isipokuwa Baikal kule Urusi. Lakini ukubwa huo humhadaa mtazamaji. Samaki wanaishi katika tabaka la juu tu. Chini yake maji ni mazito, hayana hewa, na ndimo rutuba yote inamozama. Upepo wa kusi, ambao huvuma kuanzia Mei hadi karibu Septemba, ndio unaoyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini na kuiinua rutuba ile upande wetu wa kusini. Rutuba hulisha vijimea na vijidudu, vijidudu hulisha dagaa, dagaa hulisha migebuka, na wote pamoja hutulisha sisi. Watafiti waliotoa matokeo yao mwaka 2003 walionyesha kwamba kadiri ziwa linavyopata joto, ndivyo maji ya juu na ya chini yanavyozidi kukataa kuchanganyika, na ndivyo chakula cha samaki kinavyopungua. Ongeza makokoro, ongeza nyavu za matundu madogo, ongeza wingi wa watu: ziwa lilihitaji kupumzika, na asiyekubali hilo hajauliza wazee wa mwambao walikuwa wakivua nini walipokuwa vijana.

Basi ugomvi wetu si na amri. Ugomvi wetu ni na neno moja linaloifuata kila amri ya namna hii, nalo ni neno “vumilieni”. Huambiwa mvuvi kwamba subira yavuta heri, na kwamba mvumilivu hula mbivu. Ni methali nzuri, zenye umri kuliko serikali zote nne. Ila aghalabu husemwa na aliyekwisha kula.

Ndiyo maana tumekirudia kitabu cha Mzee na Bahari. Kwa miaka mingi kimesomwa kama wimbo wa sifa kwa mtu mmoja aliyekataa kushindwa, na hutajwa katika mikutano na mahafali ili kuwahimiza watu wasikate tamaa. Sisi tumekisoma tukiwa na ziwa mbele yetu, na tumeona jambo ambalo wahimizaji hao hulipita kwa haraka. Santiago hakuvumilia peke yake hata siku moja.

Tukumbushe kisa kwa wasiokijua. Mzee huyo alikuwa na kijana, Manolin, aliyeanza kwenda naye baharini akiwa na umri wa miaka 5. Siku 40 za mwanzo za ukame walikuwa pamoja. Kisha wazazi wa kijana wakasema mzee ana mkosi, wakamhamishia mtoto wao kwenye chombo kingine chenye bahati. Wazazi hao hatuwalaumu sana. Nyumba yenye njaa haichagui kwa moyo. Lakini kijana hakuondoka moyoni. Kila jioni humngoja mzee ufukweni, humbebea kamba na chusa na tanga. Humletea chakula cha jioni, wali na maharage na ndizi za kukaanga, alichopewa na mwenye mkahawa. Humtafutia chambo. Alfajiri humpa kahawa. Hata gazeti la jana humfikia mzee bure kutoka kwa muuza duka, akasoma habari za besiboli, na magazeti makuukuu huyatandika juu ya chuma za kitanda chake ili alalie. (Sisi watu wa magazeti tumefarijika kujua kwamba karatasi zetu zina kazi hata baada ya kusomwa.)

Katika kurasa hizo za mwanzo lipo jambo dogo ambalo tungependa kila ofisa alisome mara mbili. Kijana humwuliza mzee atakula nini, naye hujibu kwamba anacho chungu cha wali wa manjano na samaki. Chungu hakipo. Kijana anajua hakipo. Humwomba ruhusa ya kuchukua wavu, naye humruhusu. Wavu nao hawapo, waliuuza zamani. Mazungumzo hayo huyarudia kila siku, kisha kijana huenda zake na kurudi na chakula cha kweli, bila kumwambia mzee kwamba alikuwa akidanganya. Huo ndio urafiki. Anamlisha mwenzake na papo hapo anamwachia heshima yake. Hakumpanga mstarini, hakumsomea hotuba, hakumpigia picha akiwa ameshika mfuko wa unga.

Siku ya 85 mzee anakwenda mbali kuliko wengine, na kwenye kina kirefu samaki mkubwa mno, mwenye urefu wa futi 18, ananasa. Kwa siku mbili na usiku wake samaki huyo anaivuta mashua. Kamba inamkata mzee mikono, mkono wa kushoto unakaza kwa kiharusi cha misuli, chakula chake ni nyama mbichi ya samaki wadogo, na mara kwa mara, kama dua, anatamani kijana angekuwapo. Hatimaye anamuua samaki na kumfunga ubavuni, kwa kuwa hatoshi mashuani. Ndipo papa wanapokuja. Anapigana nao kwa chusa, kwa kisu alichokifunga kwenye kasia, kwa rungu, kwa mpini wa usukani. Anafika nyumbani usiku na kichwa, uti wa mgongo na mkia. Alasiri watalii wanaoketi mkahawani wanauona mfupa ule majini na kudhani ni wa papa.

Aliyeyaandika hayo alikuwa mtu anayefahamika katika Afrika Mashariki. Mara ya kwanza alikuja kuwinda mwaka 1933, akaugua tumbo vibaya huku Tanganyika hata akachukuliwa kwa ndege kwenda Nairobi kutibiwa. Mara ya pili, Januari 1954, alipata ajali 2 za ndege ndani ya siku 2 nchini Uganda, ya kwanza karibu na maporomoko ya Murchison na ya pili Butiaba kando ya Ziwa Albert. Magazeti ya ulimwengu yakatangaza kifo chake naye yu hai akiyasoma. Baadaye alijipumzisha Shimoni, pwani ya Kenya, mkabala na kisiwa cha Wasini. Mwaka huohuo akapewa Tuzo ya Nobeli ya fasihi, asiweze kwenda kuipokea kwa majeraha. Mzee wake Santiago naye huota ndoto moja tu ya furaha, simba wakicheza katika ufuko wa Afrika, kama alivyowaona alipokuwa baharia kijana. Ufuko aliouona ulikuwa wa upande mwingine wa bara. Hata hivyo aliyefika Saadani, ambako mbuga hukutana na Bahari ya Hindi, hataiona ndoto hiyo kuwa ya ajabu.

Jambo moja lingine la lugha, kabla hatujarudi kwenye ziwa. Santiago huiita bahari kwa jina la kike, kama mtu anavyomsema mwanamke ampendaye hata anapomkosea. Vijana wenye mashua za mashine huiita kwa jina la kiume, kama mshindani au adui. Kiswahili hakina jike wala dume katika neno bahari, wala katika neno ziwa. Pengine ni heri, kwa maana mvuvi wetu hakulazimishwa na sarufi kuchagua kati ya mpenzi na adui. Ziwa ni ziwa. Ndilo hilohilo tunaloita ziwa la mama.

Na kwa ndugu zetu wa visiwani, ambao pengine watauliza kwa nini tumetafuta mfano Kuba, tunakiri kwamba mfano wa ustahimilivu upo karibu zaidi, katika kisiwa cha Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kitabu chake kikubwa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, alichokiandika kwa Kikerewe. Hakupata wa kukichapa. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili akiwa mzee. Kilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika, naye akafariki mwaka 1981 kabla ya kukishika mkononi. Watoto wake wote walikuwa wamemtangulia. Samaki wake alifika pwani akiwa mzima, mzee ndiye hakufika. Marafiki alikuwa nao, wakiwemo mapadre na wasomi waliomtia moyo na kumsaidia kutafuta njia. Walichokosa ni ofisi iliyojua kuharakisha.

Sasa tuseme juu ya hasara, maana papa wa ziwani kwetu hawana mapezi. Mvuvi wa mwambao wa Rukwa huvua usiku wa giza, kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za umeme wa jua, kwa kuwa mbalamwezi ikiwaka dagaa hawakusanyiki. Apatacho alfajiri hakina barafu. Hukianika mchangani, na mvua ikinyesha kwa siku mbili za masika mali hiyo hugeuka uvundo. Kisichooza huliwa na ndege, na kisicholiwa na ndege hununuliwa kwa bei ya mchuuzi anayejua kwamba muuzaji hana pa kukihifadhi hadi kesho. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2018 kwamba asilimia 35 hivi ya samaki wote wanaovuliwa duniani hupotea au kutupwa. Wao wamehesabu dunia. Sisi tunasema tu kwamba haina maana kumwambia mtu apumzishe ziwa kwa siku 92 ili samaki waongezeke, kisha wakiongezeka waachiwe waozee mchangani. Chanja za kuanikia dagaa si mitambo ya kigeni. Ni miti, wavu na misumari. Kila mwalo unaostahili kuwa na daftari la ushuru unastahili kwanza kuwa na chanja.

Wala hasara si ya samaki peke yake. Watu wa visiwani hawahitaji kuelezwa na gazeti jinsi maji yanavyochukua. Ukara wanaikumbuka tarehe 20 Septemba 2018, siku ya MV Nyerere. Unguja na Pemba wanaukumbuka usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, usiku wa Spice Islander. Katika chumba cha Santiago palikuwa na picha ya marehemu mkewe. Aliiondoa ukutani kwa sababu ilimzidishia upweke, akaiweka rafuni chini ya shati lake safi. Nyumba nyingi za mwambao na visiwani zina shati kama hilo.

Wapo watakaosema kwamba mzee wa umri ule hakupaswa kuwa baharini kabisa. Nasi twasema hivyo hivyo, na ndilo swali ambalo wasifu wake hawaliulizi: kwa nini mzee alikuwa baharini peke yake? Alikuwa huko kwa sababu asipovua hali. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 pensheni jamii, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Fedha hizo zilikuwa chache, na hakuna aliyedai kwamba zinatosha; lakini mzee wa Kojani au wa Nungwi aliweza angalau kutazama wingu jeusi na kusema leo siendi. Huku Bara iliandikwa Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, kwa maneno mazuri, na mvuvi mzee wa Kasanga bado hutazama wingu lilelile na kwenda. Waheshimiwa wanaopanga bajeti wangefanya vyema kuwauliza wenzao wa Visiwani walianzaje.

Kuhusu Manolin, tunajua kwamba ofisa elimu akisoma kitabu hiki atauliza kijana yule yuko darasa la ngapi. Ni swali halali. Hatuombi watoto watolewe shuleni wakakae na wazee mitumbwini. Tunaomba kazi aliyoifanya kijana yule kwa moyo wake ifanywe na watu wazima kwa utaratibu.

Na utaratibu huo si mgeni. Kisiwa Panza huko Pemba, wanakijiji wenyewe wamewahi kufunga sehemu za miamba ili pweza wakue, na siku ya kufungua wakaingia majini pamoja. Ambaye amefunga kwa mkono wake hahitaji kulindwa na askari. Tofauti kati ya kufunga huko na kufunga kwa ziwa letu ni kwamba kule mvuvi alikuwa kwenye kikao cha kuamua, na mwamba uliofungwa haukuwa mwamba wote. Uliobaki uliendelea kumlisha. Ziwa Tanganyika lilifungwa lote. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vipo katika mialo yetu. Visitumwe tu kukamata makokoro. Viulizwe mapema ni kaya ngapi hazina shamba, ni nani mjane, ni mzee yupi anaishi peke yake, na orodha hiyo iwe mezani kwa Mkuu wa Wilaya ya Nkasi na ya Kalambo kabla ya mtumbwi wa kwanza kupandishwa nchi kavu. Katika mwaka 2024 lilizungumzwa sana suala la kufuga samaki katika vizimba. Ni wazo jema kwa mwenye mtaji na subira ya miezi mingi. Kwa mwenye kula kesho kwa alichovua leo, kizimba ni chungu cha wali wa manjano.

Hapa ndipo sisi wa uwandani tunapoingia, wala hatuwezi kukwepa. Mwaka mzima Ufipa hula dagaa wa mwambao. Hapa Majengo hakuna jiko lisilowajua. Watu wa ziwa ndio wanaokesha, sisi ndio tunaokaanga. Na tazama majira yalivyopangwa: mvua zetu hukoma Aprili, mahindi huanza kuvunwa Mei na kuendelea hadi Julai. Yaani siku zilezile ambamo ziwa lilikuwa limefungwa ndizo siku ambazo uwanda wa Ufipa, mmoja wa maghala ya mahindi ya taifa hili, ulikuwa umejaa. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ana maghala yake Sumbawanga. Barabara ya lami imeteremka kutoka Sumbawanga kupitia Matai hadi Kasanga, kilomita 112. Mkulima alilia bei, mvuvi akalia njaa, na kati yao ni mwendo wa asubuhi moja kwa lori.

Kinachotakiwa ni mkopo wa mahindi. Kaya ya mvuvi ichukue magunia yake mwezi Mei kwa kuandikishwa na kikundi chake cha mwalo, na ianze kulipa baada ya Agosti 15, kwa dagaa au kwa fedha, kidogo kidogo hadi mwisho wa mwaka, huku vyama vya ushirika vya uwandani vikipokea malipo hayo na kuyapeleka sokoni. Hiyo si sadaka, ni biashara ya majirani, na humwacha mvuvi kichwa chake kikiwa juu. Halmashauri za Nkasi, Kalambo na Sumbawanga zinaweza kukaa meza moja na kuandika mkataba huo bila kungoja mtu kutoka Dodoma. Kwa visiwa vya Kipili, Ulwile na wenzake, ambako lori halifiki, itafutwe boti ya kuvusha magunia, na gharama yake isibebeshwe mlaji.

Ziwa linapopangwa kupumzishwa, basi, hesabu ya magunia ianze mwezi Machi. Mwezi Mei ukiwa umekwisha kuingia, watu watakuwa wameshaanza kuuza nyavu zao.